Asilimia ya Nini? Uzito na Ujazo katika Dawa za Nyumbani na Kazini

Katika maduka ya Gitega na Muyinga, chupa za spiriti, madumu ya javeli na galoni za maji ya betri huonekana zimepangwa kwenye rafu, na kila chombo kina namba yake: 70, 12, 37, 96. Mnunuzi aghalabu huitazama namba hiyo kama anavyoitazama bei, akiamini kwamba namba kubwa ni dawa kali na namba ndogo ni dawa dhaifu. Laiti mambo yangalikuwa mepesi hivyo! Namba peke yake haisemi kitu mpaka ijulikane ni asilimia ya nini: ya uzito, au ya ujazo. Asiyelijua hilo anaweza kuosha sakafu ya mgonjwa wa kipindupindu kwa dawa isiyoua vijidudu, au kuharibu betri ya gari la kazi, au kumpaka mtoto sabuni inayochubua ngozi, ilhali akisoma maandishi ya chombo anaona kwamba amefuata hesabu sawasawa.

Jambo hili si la wataalamu wa maabara peke yao. Askari anayesimama zamu kwenye mpaka wa Kobero, polisi anayetunza gari la kituo, mwuguzi wa zahanati, na mama anayesafisha nyumba yenye mgonjwa, wote hukutana na asilimia kila siku. Hesabu yenyewe si ngumu. Aliyemaliza shule ya msingi anaiweza, ikiwa ataelezwa inakotoka.

KILO SI LITA

Lita moja ya maji safi ina uzito wa karibu kilo moja kamili. Jambo hili limewazoesha watu kudhani kwamba kilo na lita ni kitu kimoja chenye majina mawili. Lakini tabia hiyo ni ya maji, wala si ya kila kimiminika. Lita moja ya alkoholi tupu ina gramu 789 tu. Lita moja ya mawese ina gramu 910 hivi. Lita moja ya maji ya betri, yaliyo tayari kutiwa garini, ina gramu 1,280. Asali hufika gramu 1,400 hivi, na asidi kali ya salfa ambayo haijachanganywa na maji hufika gramu 1,840.

Basi mtu mwenye dumu la lita 20 akilijaza maji atabeba kilo 20. Akilijaza mawese atabeba kilo 18 na kidogo. Akilijaza asali atainua kilo 28. Dumu ni lile lile na ujazo ni ule ule. Kilichobadilika ni uzito wa kila lita. Uzito huo wa lita moja ndio daraja la kuvukia kutoka asilimia ya uzito kwenda asilimia ya ujazo, na kurudi.

ASILIMIA ZA AINA TATU

Asilimia ya kwanza ni ya uzito kwa uzito. Hii husema ni gramu ngapi za dawa halisi zimo katika gramu 100 za mchanganyiko. Kwenye vyombo huandikwa p/p kwa desturi ya Kifaransa, au w/w kwa desturi ya Kiingereza, na pengine m/m.

Asilimia ya pili ni ya ujazo kwa ujazo. Hii husema ni mililita ngapi za dawa halisi zimo katika mililita 100 za mchanganyiko. Alama yake ni v/v, au neno fupi vol. Spiriti, bia na mvinyo hupimwa hivi.

Asilimia ya tatu ni ya uzito kwa ujazo, yaani gramu ngapi za dawa zimo katika mililita 100 za mchanganyiko. Alama yake ni p/v au w/v. Hii ndiyo asilimia ya hospitali. Chupa ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 anayotundikiwa mgonjwa ina gramu 9 za chumvi katika kila lita. Ile ya sukari ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 katika kila lita.

Burundi ina sababu ya pekee ya kuwa macho katika jambo hili. Tangu zama za utawala wa Wabelgiji, shule na hospitali zake zimefuata vipimo na maandishi ya Kifaransa. Lakini nchi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kobero, katika eneo la Muyinga, ni mlango mkubwa wa bidhaa zitokazo Tanzania, ambako maandishi ya vyombo ni ya Kiingereza. Kwa hiyo desturi mbili za kupima zinaweza kukutana kwenye rafu moja, na mnunuzi ndiye anayeachiwa kazi ya kutafsiri.

SPIRITI YA SABINI

Spiriti inayotumika kusafisha ngozi kabla ya kuchoma sindano kwa kawaida huandikwa asilimia 70, na maana yake ni asilimia 70 ya ujazo. Katika lita moja ya spiriti hiyo mna mililita 700 za alkoholi tupu. Je, ni asilimia ngapi ya uzito? Mililita 700 za alkoholi, kwa kuwa kila mililita ina gramu 0.789, zina uzito wa gramu 552. Lita nzima ya mchanganyiko huo ina uzito wa gramu 886. Ukigawa 552 kwa 886, jawabu ni asilimia 62 na kidogo. Spiriti moja, basi, ina majina mawili: sabini kwa ujazo, sitini na mbili kwa uzito. Na mtu akiambiwa atengeneze spiriti ya asilimia 70 ya uzito, atahitaji ile ambayo kwa ujazo ni 77.

Tofauti hiyo ina uzito wake. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo ya kutengeneza dawa ya kusafisha mikono mahali popote penye upungufu wa viwanda. Maelezo hayo yasema: chukua mililita 8,333 za alkoholi ya asilimia 96, mililita 417 za peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 3, na mililita 145 za gliserini ya asilimia 98, kisha ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka zitimie lita 10. Matokeo yake ni alkoholi ya asilimia 80 kwa ujazo. Mwaka 2012 kundi la watafiti, wakiwamo Manfred Rotter wa Vienna na Didier Pittet wa Geneva, lilichapisha matokeo ya kuijaribu dawa hiyo kwa kanuni kali za Ulaya. Moja ya mapendekezo yao ilikuwa kwamba ile asilimia 80 ihesabiwe kwa uzito badala ya ujazo. Asilimia 80 ya uzito ni zaidi ya 85 ya ujazo. Namba kwenye karatasi haikubadilika. Ilibadilika herufi iliyo mbele yake, na dawa ikawa kali zaidi.

Wengine huuliza kwa nini isitumiwe alkoholi tupu ili mambo yaishe. Sababu ni kwamba alkoholi huua vijidudu kwa kuharibu protini za miili yao, na kazi hiyo haifanyiki vizuri pasipo maji. Alkoholi ya 96 hukauka upesi mno kabla haijamaliza kazi yake.

Kuna jambo jingine la ajabu katika spiriti. Tuseme mwuguzi anataka lita moja ya spiriti ya 70 kutokana na ile ya 96. Hesabu humwambia apime mililita 729 za ile ya 96, kwa kuwa 700 zikigawanywa kwa 0.96 hupatikana 729. Kisha atadhani kwamba atahitaji maji mililita 271 ili ifike lita. Akiyapima na kuyatia, ataona kwamba chombo hakijajaa! Alkoholi na maji vikikutana, chembe zake huingiliana, na ujazo hupungua. Kwa kweli atahitaji maji karibu mililita 297. Ndiyo maana maelezo mazuri hayasemi "tia maji mililita kadhaa", bali husema "ongeza maji mpaka ifike lita". Uzito haufanyi hila hiyo: gramu 589 za spiriti na gramu 297 za maji daima hutoa gramu 886. Wapimao kwa mizani hawana haja ya kuogopa kupungua kwa ujazo.

Hesabu hiyo hiyo yafaa hata kwa chupa ya bia. Chupa ya sentilita 72 yenye asilimia 5 ya ujazo ina mililita 36 za alkoholi, nazo ni gramu 28. Kwa uzito, bia hiyo haizidi asilimia 4. Ila polisi wa barabarani na daktari hawaulizi asilimia ya chupa. Wao huhesabu gramu za alkoholi katika lita ya damu, na gramu 28 ndizo zinazoingia mwilini, chupa iwe imeandikwa 5 au 4.

JAVELI NA DIGRII ZAKE

Ikiwa spiriti ina majina mawili, javeli ina matatu. Kwenye vyombo vya desturi ya Kifaransa huandikwa digrii, kwa mfano 12° au 48°. Kwenye vingine huandikwa asilimia ya klorini. Na kwenye unga wa klorini huandikwa asilimia 65 au 70 ya uzito.

Digrii hizo zina historia. Katika mwaka 1824 mwanakemia wa Ufaransa, Louis Joseph Gay-Lussac, alieleza njia ya kupima nguvu ya dawa za klorini, na katika mwaka huo huo alitoa kipimo chake cha kuelea cha kupimia alkoholi kwa ujazo. Digrii ya javeli maana yake ni lita ngapi za gesi ya klorini zinazoweza kutolewa na lita moja ya javeli. Lita moja ya gesi hiyo ina uzito wa gramu 3.17. Kwa hiyo javeli ya digrii 12 ina gramu 38 za klorini katika lita, yaani asilimia 3.8 ya uzito kwa ujazo. Ile ya digrii 48 ina gramu 152 katika lita. Lakini lita moja ya javeli hiyo kali ina uzito wa kilo 1.2 hivi, kwa hiyo kwa uzito ni asilimia 12 na nusu hivi.

Hapo ndipo penye mtego. Javeli ya digrii 12 na javeli ya asilimia 12 hukaribiana kwa maandishi, kwa kuwa alama ya digrii ni duara dogo tu. Kwa nguvu, moja ni dhaifu kuliko nyingine mara tatu na zaidi.

Ifikiriwe nyumba yenye mgonjwa wa kuambukiza. Dawa ya kusafishia sakafu na vyombo vilivyochafuliwa katika magonjwa kama Ebola na Marburg hutakiwa iwe na klorini asilimia 0.5, yaani gramu 5 katika kila lita. Ya kunawia mikono ni asilimia 0.05, yaani nusu gramu katika kila lita. Dumu la lita 20 la dawa ya sakafu lahitaji gramu 100 za klorini. Kwa javeli ya digrii 12, gramu hizo hupatikana katika lita 2.6. Kwa javeli ya digrii 48, hupatikana katika mililita 660 hivi. Kwa unga wa asilimia 70, hupatikana katika gramu 143.

Sasa mtu akishika javeli ya digrii 12 akadhani ni asilimia 12, atapiga hesabu kwamba kila lita ina gramu 120, naye atatia mililita 830 tu katika dumu lake. Gramu za klorini atakazotia kwa hakika ni 32 badala ya 100. Dumu litanuka klorini, mikono itahisi utelezi, na kila mtu ataridhika; lakini dawa itakuwa na nguvu ya theluthi moja tu ya ile iliyoagizwa. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani kwa macho.

Wala hatari hii si ya mbali. Tarehe 1 Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu. Mwezi Machi wa mwaka huo, Tanzania ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika Mkoa wa Kagera, ambao wilaya yake ya Ngara inapakana na eneo la Muyinga; na Januari 2025 ugonjwa huo ukatangazwa tena katika mkoa huo huo. Julai 2024 Burundi ilithibitisha wagonjwa wa homa ya mpox. Kila mara ndoo ya klorini ni miongoni mwa silaha za kwanza mlangoni, na aijazaye ndoo hiyo ndiye mlinzi.

Kuhusu unga wa klorini, kuna neno moja la kuongeza. Kijiko hupima ujazo, na namba ya kwenye mkebe ni ya uzito. Unga laini na unga wa chengachenga havilingani katika kijiko kimoja. Kituo chenye mizani kiupime mara moja unga wake: vijiko 10 vilivyosawazishwa vina gramu ngapi. Namba hiyo iandikwe ukutani, na kila mkebe mpya upimwe upya. Tena dawa ya klorini iliyochanganywa itengenezwe kila siku, maana nguvu yake hupotea, hasa katika jua. Na kamwe isichanganywe na siki wala asidi yoyote, kwa sababu hutoa gesi inayoua.

MAJI YA BETRI

Madereva wa jeshi na polisi wanajua kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maji ya betri. Kikionyesha 1.28, betri imejaa. Kikishuka chini ya 1.20, betri yahitaji kuchajiwa. Namba hiyo ni uzito wa lita moja kwa kilo. Kwa hiyo fundi wa gari amekuwa akitumia lile daraja la uzito na ujazo miaka yote, pengine bila kuliita kwa jina.

Maji ya betri iliyojaa yana asidi ya salfa asilimia 37 ya uzito. Lita moja ya gramu 1,280 ina asidi gramu 474. Asidi kali ya kiwandani ya asilimia 98 ina gramu 1,840 kwa lita, hivyo gramu 474 za asidi hupatikana katika mililita 263 za ile kali. Mtu atakayesoma "asilimia 37" na kudhani ni ya ujazo, atapima mililita 370 za asidi kali na mililita 630 za maji. Mchanganyiko wake hautakuwa asilimia 37, bali 51 kwa uzito. Asidi kali namna hiyo hula mabamba ya betri na vitenganishi vyake, na joto linalotoka wakati wa kuchanganya laweza kupasua chombo na kurusha asidi usoni.

Kwa sababu hiyo kazi ya kuchanganya asidi si ya nyumbani wala ya uani. Iachwe kwa fundi mwenye mizani, miwani na glavu, ambaye daima hutia asidi ndani ya maji kidogo kidogo, wala hatii maji ndani ya asidi. Dereva yeye ana kazi moja: maji ya betri yakipungua katika matumizi ya kawaida, kilichotoka ni maji peke yake, asidi imebaki. Basi hurudishia maji yaliyokenekwa peke yake. Anayeongeza asidi anaongeza ukali usiohitajika, na betri hufa kabla ya siku zake.

SABUNI YA MAWESE

Akina mama wanaotengeneza sabuni nyumbani nao wanahusika. Kilo moja ya mawese yahitaji soda kali gramu 141 ili mafuta yote yageuke sabuni. Watengenezaji wenye busara hupunguza kidogo, wakatia gramu 134, ili yabaki mafuta machache ya kulinda ngozi. Lakini sokoni mawese huuzwa kwa lita na kwa chupa, si kwa kilo. Na lita moja, kama ilivyokwisha elezwa, ni gramu 910 tu. Kwa lita moja, soda inayofaa ni gramu 122.

Mama akitia gramu 141 katika lita, mafuta yatatosha kwa gramu 128 tu. Gramu 13 za soda zitabaki ndani ya sabuni zikisubiri ngozi ya mtu. Sabuni itakuwa nzuri machoni, ngumu na yenye povu, lakini mtoto akiogeshwa atalia, na mama atadhani ni mafuta mabovu au harufu iliyotiwa. Chanzo ni lita iliyopimwa kana kwamba ni kilo. Na soda yenyewe, kama asidi, hutiwa ndani ya maji polepole, watoto wakiwa mbali.

KANUNI YENYEWE

Mifano yote iliyotangulia yafuata kanuni moja, ambayo yaweza kuandikwa kwenye ukuta wa ghala au kwenye daftari la jikoni.

Kutoka uzito kwenda ujazo: zidisha asilimia ya uzito kwa uzito wa lita moja ya mchanganyiko, kisha gawa kwa uzito wa lita moja ya dawa tupu.

Kutoka ujazo kwenda uzito: zidisha asilimia ya ujazo kwa uzito wa lita moja ya dawa tupu, kisha gawa kwa uzito wa lita moja ya mchanganyiko.

Kutoka uzito kwenda gramu katika lita: zidisha uzito wa lita moja ya mchanganyiko, kwa gramu, kwa asilimia ya uzito, kisha gawa kwa 100.

Kwa wale wanaotumia spiriti mara kwa mara, namba zifuatazo zafaa kukatwa na kuhifadhiwa. Ni za mchanganyiko wa alkoholi na maji kwenye joto la digrii 20.

Ujazo 60: uzito 52.1, lita moja ina gramu 909.
Ujazo 70: uzito 62.4, lita moja ina gramu 886.
Ujazo 80: uzito 73.5, lita moja ina gramu 859.
Ujazo 90: uzito 85.7, lita moja ina gramu 829.
Ujazo 96: uzito 93.8, lita moja ina gramu 807.

Kadiri joto linavyozidi, vimiminika hutanuka na uzito wa lita hupungua. Gitega, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, haina joto la kandokando ya Ziwa Tanganyika, na Muyinga vilevile. Kwa hiyo kwa matumizi ya kawaida namba hizo zatosha bila marekebisho.

KUPIMA BILA MAABARA

Je, kama chombo hakina maandishi, au maandishi yamefutika? Mizani nzuri na chupa moja vyatosha kupata uzito wa lita. Chupa ipimwe ikiwa tupu na kavu. Ijazwe maji mpaka alama, ipimwe tena. Imwagwe, ikaushwe, ijazwe kimiminika kinachoulizwa mpaka alama ile ile, ipimwe mara ya tatu. Uzito wa kimiminika ugawanywe kwa uzito wa maji.

Kwa mfano, chupa tupu ina gramu 400. Ikiwa na maji ina gramu 900. Basi maji ni gramu 500. Ikiwa na spiriti ina gramu 843. Basi spiriti ni gramu 443. Ukigawa 443 kwa 500 hupata 0.886. Ukitazama orodha ya hapo juu, lita ya gramu 886 ni spiriti ya 70. Muuzaji aliyesema kuwa ni ya 70 amesema kweli. Lau ingalikuwa 0.909, ingalikuwa ya 60, na mnunuzi angalikuwa amelipia maji.

Ila njia hii ina mpaka wake, na mpaka huo ni wa uhai na kifo. Mizani hupima uzito, haitambui aina. Methanoli, ile alkoholi yenye sumu inayopofusha na kuua, ina gramu 791 kwa lita, karibu sawa kabisa na alkoholi ya kawaida. Mizani haiwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo kimiminika kisichojulikana kilikotoka, hata kama uzito wake ni sahihi, kisinywewe kamwe wala kisitumiwe katika ngozi.

MASWALI MANNE YA DUKANI

Kabla ya kulipa, mnunuzi ajiulize mambo manne. Kwanza, namba hii ni asilimia au ni digrii? Pili, kama ni asilimia, ni ya uzito au ya ujazo? Tatu, lita moja ya kitu hiki ina uzito gani? Nne, chombo kilifungwa lini, maana javeli hupoteza nguvu kwa muda?

Muuzaji asipojua, mfamasia wa hospitali au mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari anaweza kusaidia. Vikosi, vituo vya polisi na zahanati vingefanya vema kuandika majibu hayo kwa wino usiofutika juu ya kila chombo kinapopokewa: jina la dawa, asilimia, alama ya uzito au ya ujazo, na tarehe. Kazi hiyo huchukua dakika mbili, na anayekuja zamu ya usiku, mwenye ndoo mkononi na mgonjwa mlangoni, hatalazimika kubahatisha.